Ngao ya Muflisi na Mshahara Wetu

Ndugu Wafanyakazi,

Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 imempa mwenye deni ngao, nasi hatuipingi. Mfanyakazi aliyeelemewa na madeni akitangazwa muflisi na mahakama, wadai wake wasio na rehani hawawezi kumshitaki bila ruhusa ya mahakama. Kwa kawaida, miaka 3 baada ya kupeleka hesabu ya mali na madeni yake, huwa huru. Hiyo ni haki ya mnyonge.

Lakini kampuni nazo zina ngao yao. Agosti 2018 kampuni ya saruji ya ARM, yenye kiwanda Athi River, iliwekwa chini ya wasimamizi. Kampuni ikifika hapo, mdai hawezi kukamata hata lori moja bila idhini ya msimamizi au mahakama. Vyema! Lakini wafanyakazi wengi wa viwanda vya Athi River hulala Kitengela, ng'ambo ya mpaka, upande wa Kajiado. Je, mwenye nyumba wa Kitengela humngoja msimamizi? Muuza unga humngoja?

Sasa sikilizeni. Kampuni ikifilisiwa, benki iliyoshika ardhi kwa rehani hujilipa kwa ardhi hiyo. Katika kinachosalia, gharama za ufilisi hutangulia. Ndipo tunafuata sisi, kwa mshahara wa miezi 4 tu kabla ya ufilisi, na jumla isiyozidi shilingi 200,000 kwa kila mtu, likizo na malipo ya kupunguzwa kazi yakiwa humo humo. Mshahara wa nyuma zaidi hutupwa katika fungu la wadai wa kawaida, ambao mara nyingi huambulia patupu.

Basi bwana mkubwa akisema, "Vumilieni, hali ni mbaya," hata mwezi wa tano, jueni anakopa kwenu bila riba wala rehani. Benki haikubali hivyo. Kwa nini sisi tukubali?

Tunataka Bunge liondoe kikomo hicho cha miezi 4 na kuongeza hizo 200,000. Hadi siku hiyo, mshahara ukichelewa mwezi mmoja, mwarifuni mjumbe wa chama kiwandani. Tunzeni karatasi za mishahara. Msimamizi au mfilisi akitangazwa, pelekeni madai yenu upesi, kwa maandishi, na kwa pamoja.

Dawa ya deni ni kulipa. Na mshahara ni deni!

Umoja ni Nguvu.