Foto za Fizi zitundikwe kwanza Fizi

Kila mara msimu mpya unapokaribia, kwenye buro yetu kunaingia mialiko. Zamani ilikuwa karatasi nzuri, nzito. Siku hizi ni ujumbe kwenye simu. Galeri fulani ya sanaa ya kisasa, iwe Kinshasa, Brussels ao Paris, inatangaza maonyesho yake yajayo: mpiga foto mmoja, kuta nne, mwezi mmoja na nusu. Ufunguzi ni Alhamisi jioni, na kinywaji kitakuwapo. Tunasoma, tunafurahi kwa ajili ya watoto wa inchi wanaotajwa, kisha tunafunga ujumbe. Kutoka Baraka kufika Bukavu tu, kwa hii barabara yetu ya RN5, safari inategemea mvua, madaraja na wenye bunduki. Kwenda Paris kutazama foto, hiyo si mipango ya mtu wa hapa.

Tungenyamaza kama foto zenyewe zingekuwa za fasi ingine. Lakini mara nyingi ni sisi tunaotundikwa pale.

Tuchukue mfano mmoja unaojulikana. Mwaka 2013, kwenye maonyesho makubwa ya Venise, Italia, banda la Ireland lilitolewa kwa mtu mmoja, Richard Mosse, na kazi yake The Enclave aliyoipiga huku mashariki mwa Kongo. Mosse alitumia filimu ya Kodak yenye jina Aerochrome, iliyobuniwa zamani kwa ajili ya jeshi, ili kutoka angani waweze kumuona adui aliyejificha chini ya majani. Filimu hiyo inashika mwangaza ambao jicho la mtu haliuoni, na kila jani bichi linageuka rangi ya waridi. Basi vilima vya Kivu, mashamba ya mihogo, migomba, vyote vikatoka na rangi ya waridi kama kitenge cha harusi, na katikati yake vijana na bunduki zao. Skrini sita ndani ya chumba chenye giza. Mwaka uliofuata kazi hiyo ikampatia tuzo la Deutsche Börse kule London.

Wako waliosema kwamba Mosse amefanya vita yetu kuwa mapambo. Sisi hatuna ugomvi na rangi ile. Mtu wa Ulaya amezoea foto za Kongo hata anazipita bila kusimama, na ile waridi ilimsimamisha. Swali letu ni dogo kushinda hilo. Wale waliosimama mbele ya kamera, na wale wanaokaa chini ya vilima vile, watatazama lini? Hapa Baraka tungali tunangoja, na si The Enclave peke yake. Kila mwaka wanapita hapa watu wenye kamera kubwa. Wanashuka gari, wanaomba ruhusa kwa chef wa kartie, wanapiga, wanaenda. Foto inafanya maisha yake mbali, inapata fremu na bei, na mama aliyesimama pale hapati hata nakala ndogo ya kuweka ukutani.

Halafu kuna mambo ya legendi, yale maandishi madogo chini ya foto. Mtu akisoma legendi za foto za kwetu atakuta karibu kila mara maneno yaleyale: mwanamke, Kivu ya Kusini, mkimbizi, Fizi, mpiganaji wa Mai-Mai. Tarehe iko, jina la mpiga foto iko, wakati mwingine hata aina ya karatasi iko. Jina la mutu mwenyewe, hakuna.

Si jambo la leo. Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma akashuka Kibamba mwezi wa nne wa mwaka 1965, akakaa miezi saba katika milima yetu kusaidia maasi ya wakati ule. Foto za safari yake ziko, dunia yote imeziona: na kofia yake, na kitabu mkononi, na watoto wa huku pembeni yake. Wakuba walikuwa wakiitwa kwa hesabu ya Kiswahili, Moja, Mbili, na yeye mwenyewe akawa Tatu. Wao walikuja na majina yao, wakapewa na mengine kwa lugha yetu, na wanahistoria wameyaandika yote mawili. Lakini wale vijana wa huku walioonekana kwenye foto pamoja nao, waliobeba mizigo na kuonyesha njia, mara nyingi ni „Wakongomani” tu. Pengine mmoja wao ni babu ya mtu anayesoma ukurasa huu, na mjukuu hatamjua.

Kinyume chake, hebu tuangalie foto moja ya zamani kushinda hiyo. Mwaka 1904, kule Baringa, wakati wa mpira wa mfalme Leopold, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alipiga foto ya baba mmoja aliyeketi akitazama mkono na mguu wa binti yake, vilivyokatwa na walinzi wa kampuni. Baba yule tunajua jina lake, Nsala. Mtoto tunajua jina lake, Boali. Foto ile ilizungushwa Ulaya na Marekani, ikaoneshwa kwenye mikutano ndani ya makanisa, na ikasaidia sana kuamsha watu juu ya mambo ya Kongo. Nguvu yake ilikuwa katika kile kilichoonekana, ndiyo, lakini pia katika jina. Bila jina, msemaji wa mfalme angeweza kuuliza: ni nani huyo, na ni wapi? Miaka zaidi ya 100 imepita, na bado kuna mashirika yanayotupiga foto bila kuuliza tunaitwa nani.

Tunarudi kwa ile mialiko. Juu ya nini tunasisitiza onyesho la mtu mmoja, wakati tungeweza kusema foto kwa jumla? Ni kwa sababu tumechoka na maonyesho ya kundi ambayo kichwa chake ni „Kongo” na ndani yake kila mtu ameleta foto mbili za huzuni. Pale hakuna wa kuulizwa. Onyesho la mtu mmoja linamweka mpiga foto mbele yetu: hili ni jicho lake, haya ameyaona, yale ameyaacha, na sisi tunaweza kumwambia umekosea. Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi aliyezaliwa 1978, alifanya hivyo katika kazi yake Mémoire ya mwaka 2006. Alichukua foto za zamani za wafanyakazi wa migodi, akazibandika juu ya foto zake mwenyewe za viwanda vya Gécamines vilivyokufa. Wazee wanasimama tena ndani ya magofu ya kazi yao. Mtu yeyote wa Katanga aliyekuwa na baba mgodini anaelewa mara moja, bila kusomewa hotuba.

Pamela Tulizo wa Goma naye, ambaye mwaka 2020 alishinda tuzo la Dior la wapiga foto vijana, alianza na swali ambalo bamama wetu wanaliuliza kila siku: mwanamke wa Kivu anayeonekana kwenye magazeti ya dunia, na mwanamke wa Kivu anayejitazama kwenye kioo chake, ni mtu yuleyule? Kazi yake inaitwa Double identité. Mwaka uleule, wakati Covid ilipofunga njia, mpiga foto Finbarr O'Reilly alikuwa amepewa tuzo la Carmignac ili afanye kazi Kongo. Akaona afadhali agawane kazi na wapiga foto wa huku, wakiwamo Raissa Karama Rwizibuka wa Bukavu na Moses Sawasawa wa Goma. Kwa hiyo hakuna tena wa kutuambia kwamba wapiga foto wa mashariki hawako. Wako. Wanachokosa ni kuta za kwao.

Na kwa Fizi kuna jambo lingine, zito zaidi, ambalo galeri za mbali haziwezi kulijua. Sisi ni watu waliopoteza albamu zao. Vita ilipofika mwaka 1996, familia zilivuka ziwa kwenda Kigoma, wengine Nyarugusu, wengine Lugufu, na mtu anayekimbia na mtoto mgongoni habebi albamu. Foto za harusi, foto ya baba na koti alilopata kwa deni, foto ya darasa la sita mbele ya shule ya misheni, ziliungua pamoja na nyumba ao zililowa na mvua. Watu walipoanza kurudishwa kwa boti mpaka bandari ya Baraka, kuanzia mwaka 2005, wengi foto yao ya pekee ilikuwa ile ya usajili wa kambi, uso mmoja mbele ya ukuta mweupe na namba. Kijana mmoja wa hapa Baraka alitueleza kwamba uso wa marehemu mama yake aliuona tena kwenye kalenda ya shirika moja, iliyotundikwa ndani ya duka la dawa. „Iko mama yangu huyu,” akasema, „nikaomba banipe ile kalenda, bakasema mwaka haujaisha.” Alingoja mpaka Januari.

Ndiyo maana tunasema: onyesho lolote lenye foto za Fizi lije Fizi, na lije kabla ya kwenda mbali ao wakati uleule. Hatuombi galeri ijengwe. Sale ya paruasi inatosha, ukuta wa soko unatosha. Foto zinaweza kuchapwa juu ya bashi, hiyo hiyo ambayo waliokimbia wanafunikia vibanda vyao, na mvua haitaziharibu upesi. Galeri inayolipa fremu, bima na ndege ya masanduku haiwezi kutuambia kwamba bashi ishirini na mtu wa kuzisafirisha kwa boti kutoka Uvira ni franga nyingi. Iandikwe ndani ya mkataba, mstari mmoja: seti moja kwa fasi foto zilipopigwa, na nakala moja kwa kila aliyepigwa.

Tunajua mtatujibu nini, na jibu hilo lina haki yake. Kuna nyuso ambazo hazifai kutundikwa hapa. Mwezi wa pili mwaka 2011 mahakama ya kijeshi ilikuja kukaa Baraka kuhukumu askari kwa ubakaji uliofanyika Fizi mwanzo wa mwaka ule, na luteni-kanali mmoja akapewa miaka 20. Wapiga foto wa dunia walikuwapo. Wanawake waliotoa ushahidi walifunika nyuso zao, na walikuwa na sababu: kule mbali foto ni habari, lakini hapa jirani anaijua hata kanga, anaijua hata ginsi mtu anavyokaa. Hapo tunakubali. Mwenyewe ndiye aulizwe, na akisema apana, foto ikae sandukuni, hapa na Paris pia. Hilo la mwisho ndilo wanalolisahau. Kama uso hauwezi kuonyeshwa Baraka kwa sababu utamletea mtu hatari, kwa nini uonyeshwe kwenye galeri, wakati siku hizi kila mgeni anapiga ukuta kwa simu na foto inarudi Baraka usiku uleule? Kiripi Katembo, wa Kinshasa, aliona watu hawapendi kamera. Akageuza kamera chini, akapiga mji na watu wake ndani ya maji ya vidimbwi. Zile foto zilizunguka dunia na hakuna aliyeaibishwa. Njia zipo kwa anayetafuta.

Lakini tusiwe watu wa kuomba wengine tu. Lubumbashi hawakungoja wizara. Wasanii wenyewe walianza Picha, jina la Kiswahili kabisa, na kuanzia mwaka 2008 wana maonyesho yao makubwa kila baada ya miaka miwili. Huku kwetu wapiga foto wa studio wako: wale wa pazia lililochorwa maua na ndege, wa foto za karte, za ubatizo, za mavuno ya ndagala kule Ubwari. Wazee wachache kati yao wana masanduku ya negatifu chini ya kitanda. Sisi tunaona onyesho la kwanza la mtu mmoja hapa Baraka lingekuwa la mmoja wao. Si lazima awe msanii kwa maana ya Paris. Ukuta mmoja, foto zake za miaka ishirini, na kalamu iliyofungwa kwa kamba, ili kila anayemtambua mtu aandike jina lake chini. Legendi zingejazwa kwa juma moja, na pengine pangekuwa na vilio, na ugomvi mdogo juu ya nani alikuwa amesimama kushoto.

Tumezungumza na paruasi moja kuhusu sale, na hawakukataa. Wanataka tu kujua ni siku ngapi na nani atafagia. Buro yetu itatoa karatasi za kuchapia. Kinachobaki ni negatifu zenyewe, na hapo tuna haraka, kwa sababu ziwa limepanda miaka hii na nyumba za kando ya maji zimeingiwa mara nyingi. Mwenye sanduku la foto za zamani, hasa za kabla ya 1996, asilitupe hata kama zimeshikana. Alitoe chini ya kitanda, aliweke juu ya kabati, fasi kavu, asizibandue kwa nguvu, na atume mtoto atuambie tuje kuona.