Kitoto Kinasikia, Msomeeni!

Leo tunasema, na wa kununa anune.

Kila tukienda kumtazama mzazi tunalisikia neno hili: "Huyo ataelewa nini, bado mchanga!" Kitoto kikilia kinawashiwa simu, katuni zinapiga kelele, na wakubwa wanaendelea na mazungumzo. Maneno ya mama yake hayaelewi, ila ya simu ndiyo anayaelewa? Wapi na wapi!

Mtoto anaanza kusikia akiwa tumboni, na akizaliwa sauti ya mama yake anaijua. Kwani dini yetu haimwadhinii sikioni siku hiyo hiyo? Hatumngoji kwanza aelewe. Na amri ya kwanza aliyoteremshiwa Mtume wetu (S.A.W.) ni kusoma.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo: mtoto aliye chini ya mwaka 1 asiwekwe mbele ya skrini, na akiwa ametulia, mlezi amsomee na amhadithie. Anayesomewa anaokota maneno, hata yale yasiyosemwa jikoni, na anazoea kutulia akasikiliza. Akienda chuoni na skuli, hamwoni mwalimu kama anazungumza lugha ya wageni.

Tunajua mtakayojibu.

"Hatukusoma sana." Na sisi tuliishia sekondari, tukakamata cherehani. Kumsomea mtoto hakutaki digirii.

"Hatuna wakati." Zile siku 40 za uzazi uko ndani, umekandwa, umepikiwa. Dakika 10 baada ya kumnyonyesha zinakushinda, na status za watu unazimaliza zote?

"Vitabu hatuna." Hiyo kanga uliyomfunikia ina jina. Lisome kwa sauti, taratibu, huku anakutazama mdomo. Kesho msomee jina la kanga nyengine. Hapo umeshaanza.

Na nyinyi mabiharusi mnaokuja kwetu kushona madera kumi kumi: tutawashonea, inshaallah, tena vizuri. Lakini kwenye sanduku, baina ya udi na doti za kanga, tieni vitabu viwili vya hadithi za Kiswahili. Mume naye avisome, asijifanye kazi hiyo ni ya wanawake.

Masomo mnaowafunda hawa mabiharusi, hili nalo wafundeni. Kumkanda mtoto mnawafundisha, kumsomea mnamwachia nani?

Wabillahi tawfiq.