Mavuno yalipe mituweli kabla ugonjwa haujafika



Kila koperativi ya kwetu inajua kaye ya muchango. Mwenzetu analala hospitali hapa Goma, ni figo, kansa au sukari. Familia imekwisha kuuza mbuzi, na kaye inapita nyumba kwa nyumba. Huyu anaandika faranga elfu mbili, yule elfu tano, mwingine anaahidi tu. Ni jambo zuri, tusiliache. Lakini tuseme ukweli: muchango unafuata ugonjwa nyuma, haufiki mbele yake. Kiisha wiki mbili watu wamechoka, na bili bado inapanda. Ndipo shamba linauzwa. Mugonjwa anarudi muzima lakini hana pa kulima, ao anazuiliwa hospitali mpaka deni liishe.

Wanachama wanauliza: "Rafiki yetu anaumwa sana, tumuandikishe mituweli gani?" Jibu si tamu. Mituweli nyingi zina muda wa kungojea: ukilipa leo, kadi haianze kazi leo. Haiko ukatili. Kama kila mutu angelipa siku ile anaanguka, sanduku lingekauka mara moja na hakuna angetunzwa.

Kwa yule ambaye tayari ni mugonjwa, fanyeni mambo matatu kabla ya kugusa shamba. Kwanza, mujue jina la ugonjwa. Dawa za kifua kikuu na dawa za SIDA zinatolewa bure katika programu za serikali. Wengine wanaziuzia watu kwa kutojua kwao. Pili, mugonjwa apitie kituo cha afya, apewe karatasi ya kumutuma hospitali, asikimbilie mahali pa bei kali. Tatu, muombe kuonana na wahusika wa mambo ya jamii pale hospitali. Muulize kama kuna shirika linalolipia ugonjwa huo, na mupatane kwa maandishi jinsi ya kulipa kidogo kidogo. Familia isiende peke yake. Mutu wa komite akiwa pembeni, na barua ya koperativi mukononi, wanasikilizwa vingine.

Hayo ni kwa leo. Kwa kesho, wazo langu ni hili: koperativi ikate pesa ya mituweli siku ya kuuza mavuno, kwa kila mwanachama na familia yake yote.

Si ndoto ya wazungu. Mwaka 1986 kule Bwamanda, kaskazini ya inchi yetu, hospitali ilianzisha bima kwa wakulima. Muchango wa mutu mumoja kwa mwaka ulikuwa karibu sawa na bei ya kilo mbili za soja, na uliokotwa wakati watu wanauza mazao, pesa ikiwa mukononi. Familia iliingia muzima, si yule dhaifu peke yake. Mwenye kuingia akilazwa, alilipa asilimia 20 tu ya bili. Mwaka wa kwanza, ndani ya wiki chache, zaidi ya robo ya watu wa eneo waliingia. Walikuwa wakulima kama sisi, bila mushahara.

Walimu wa inchi hii wana mituweli yao, MESP, wanakatwa kwenye mushahara. Sisi mushahara wetu ni viazi na maharagi. Sheria pia ipo: tangu tarehe 8 Februari 2017 Kongo ina sheria juu ya mituweli.

Najua mutasema nini. "Nilipe ugonjwa sina?" Lakini mbegu pia tunazitia udongoni kabla ya kuona mvua. "Pesa itakuliwa." Hofu hiyo ni ya haki, tumeona masanduku yakipotea. Basi pesa isilale nyumba ya mutu. Ilipwe siku ileile, kila mutu apate risiti yake, na orodha isomwe mbele ya mukutano. "Tutalipa, kiisha tukute kituo hakina dawa." Hapo koperativi ina nguvu kuliko mutu mumoja. Kabla ya kulipa, iulize mituweli: mumepatana na hospitali gani? Munalipia nini, na nini hamulipii? Operesheni iko ndani? Muda wa kungojea ni miezi mingapi? Wakikosa majibu kwa maandishi, musitoe hata faranga moja.

Tena mujue: hata mituweli nzuri mara nyingi haimalize bili ya ugonjwa mukubwa. Kwa hiyo vikundi vya AVEC viendelee na sanduku la msaada. Mituweli ibebe sehemu kubwa, sanduku lijazie.

Kabla ya kuuza maharagi ya musimu A, komite iitishe mukutano na iweke jambo hili moja mezani. Mupige kura. Watakaokubali waanze, hata wakiwa nusu. Mutu akiwa na afya ndiyo saa yake ya kuandikishwa.