"Dada, Miguu Ilinipeleka"

Mdogo wangu alikuwa amemaliza miezi mitano bila kugusa pombe. Jioni hiyo alitoka kazini Kariakoo, akashuka daladala Mbagala Rangi Tatu, mkononi ana mkate na nusu kilo ya sukari nilivyomwagiza. Saa nne usiku tulimkuta grosari, amelalia meza, mkate wetu uko chini ya kiti. Asubuhi nilimuuliza alikuwa anafikiri nini. Akajibu bila kunitazama: "Dada, sikufikiri. Miguu ilinipeleka."

Nilimwona mwongo. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na moja, na visingizio nimevisikia vya kila namna. Nikamwambia maneno mazito, tena mbele ya mkewe, kwamba mtu mzima hana miguu inayojiendesha yenyewe. Leo nasema hadharani kwamba alisema kweli, na aliyekosea ni mimi.

Kilichonibadilisha ni kazi ya mtafiti wa saikolojia wa Uholanzi, Reinout Wiers, profesa wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Yeye na wenzake huwaketisha watu mbele ya kompyuta na kuwapa kijiti kama kile cha kuchezea michezo. Picha inatokea. Ukivuta kijiti, picha inakua kama kitu kinachokujia. Ukisukuma, inasinyaa na kwenda mbali. Huulizwi kama ni picha ya bia au ya soda. Unaambiwa uangalie umbo lake tu: iliyosimama uivute, iliyolala uisukume, au kinyume chake. Mtoto wa darasa la pili anaiweza. Lakini kwa wanywaji wengi wa kupindukia, mkono huivuta picha ya pombe upesi kuliko unavyoisukuma. Tofauti ni sehemu ndogo sana ya sekunde, na inatokea kabla mtu hajajiuliza anataka au hataki.

Watafiti wanaviita vitu hivi mielekeo ya fikra. Mdogo wangu aliviita miguu.

Mwaka 2011 Wiers na wenzake walichapisha matokeo kutoka hospitali moja ya waraibu wa pombe nchini Ujerumani. Wagonjwa walikuwa 214, na wote walipata matibabu ya kawaida. Baadhi yao waliongezewa mazoezi manne mafupi, kila moja kama robo saa, ya kuisukuma kila picha ya pombe iliyotokea. Mwaka mmoja baadaye, kati ya wale ambao hawakuzoezwa, asilimia 59 walikuwa wamerudia kunywa. Kati ya waliozoezwa, asilimia 46. Kwa asiyeishi na mlevi, hiyo ni tofauti ya namba tu. Mimi niliposoma niliwaona watu kumi na watatu katika kila mia waliofika nyumbani na mkate.

Asitokee mtu akawauzia programu ya simu kwa jina la utafiti huu. Wiers na wenzake walipowapa wanywaji mazoezi kama haya kupitia intaneti, peke yake, bila matibabu mengine, waliopewa zoezi la kweli hawakuwashinda waliopewa la kujifanya. Faida iliyoonekana ni kwa mtu aliyekwisha kuamua kuacha, aliye mikononi mwa wauguzi na washauri, na zoezi likawa nyongeza. Bila uamuzi wa mgonjwa mwenyewe, kijiti hakifui dafu. Ila uamuzi nao peke yake hautoshi, na hapo ndipo sisi ndugu tunapowaonea wagonjwa wetu. Tunawadai uamuzi, wanatupa, kisha tunashangaa mkono umefanya kazi yake ya siku zote.

Hayo ni ya mkono wake. Na macho yangu je? Hili linaniuma zaidi.

Mwaka 1986 Colin MacLeod, Andrew Mathews na Philip Tata walichapisha jaribio ambalo limeigwa mno tangu hapo. Maneno mawili yanatokea kwenye kioo cha kompyuta kwa nusu sekunde, moja la kutisha, jingine la kawaida. Yakitoweka, nukta inabaki mahali lilipokuwa neno mojawapo, nawe ubonyeze kitufe mara uionapo. Wagonjwa wa wasiwasi waliiwahi nukta iliyokaa mahali pa neno la kutisha. Macho yao yalikuwa yameshafika huko.

Hivyo ndivyo nilivyoishi baada ya usiku ule wa grosari. Simu ikilia baada ya magharibi, naisikia kama simu ya msiba. Akichelewa dakika ishirini, kesi nimeshaihukumu: amekunywa. Foleni ya Kilwa Road siikumbuki, ingawa nimekaa ndani yake maisha yangu yote. Nilikuwa nikinusa shati lake kabla ya kulifua. Siku moja alinikuta napekua mifuko ya suruali yake, akasimama mlangoni, akasema kwa upole: "Dada, kama hata siku nisiyokunywa unaniona nimekunywa, najizuia kwa ajili ya nani?"

Watu husema juu ya mtu kama mimi, "ana mawazo." Nilikuwa nayo, na yote yalitazama upande mmoja. Nyumba ileile ilikuwa na wagonjwa wawili: yeye macho yake yanaiwahi chupa, mimi yangu yanaiwahi ajali. Wasiwasi wangu ulimpa naye wasiwasi, na wasiwasi ndio uliomfundisha kunywa tangu ujanani, kama alivyomweleza mshauri wake nikiwepo. Sikuwa nimelijua hilo kwa miaka yote tuliyoishi naye.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mtu akishaamua kuacha, kazi iliyobaki si ya kumhubiria. Ni kumwondolea njiani kile ambacho mkono wake unakivuta. Na hilo tunaliweza, kwa sababu tumeshawahi kulifanya. Wakumbuke wasomaji viroba, vile vipakiti vya pombe kali vilivyoning'inizwa madukani usawa wa macho, karibu na sabuni na biskuti za watoto. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Mdogo wangu wakati ule alikuwa bado anakunywa, na aliendelea kunywa. Lakini ananiambia kwamba tangu hapo, kwenda dukani kununua vocha kukawa kwenda kununua vocha tu. Leo anakutana na bango la bia kituoni, bango jingine kwenye kona, na ujumbe wa kubeti ndani ya simu aliyoinunua awasiliane na watoto wake. Kijana anayejitahidi kuacha mikeka ya kubeti anakutana na hayohayo. Vituo vya daladala na njia za kwenda shule na hospitali visiwe mahali pa matangazo ya vileo na kamari. Sioni nani ataumia.

Mimi nimeacha kupekua mifuko. Akichelewa, najilazimisha kutaja sababu tatu za kawaida kabla ya ile moja ninayoiogopa: foleni, kazi, maongezi. Mwanzoni nilizitaja kwa sauti, peke yangu jikoni.

Naye anashuka kituo kimoja kabla ya Rangi Tatu, anazunguka nyuma ya shule, dakika kumi na mbili zaidi kwa miguu, kwa sababu njia hiyo haina grosari hata moja. Ana miezi kumi na nne sasa. Mwezi uliopita mtu aliomba leseni ya kufungua grosari kwenye njia hiyohiyo. Barua yangu ya kupinga iko kwa mtendaji wa mtaa, na ina sahihi tisa. Majirani wenye mgonjwa kama wangu, karibuni nyumbani mtie sahihi kabla ya kikao cha Jumamosi.