Kasino za ugenini: Mgonjwa anaposafiri na dawa zake, nani wa kumzuia mezani?

"Shikamoo dokta," ndivyo inavyoanza barua ya msomaji wa Dar es Salaam, binti wa mzee wa miaka 63. Nimebadilisha mambo machache ili familia isitambulike. Mzee ni mstaafu, mtu wa swala tano, ambaye maisha yake yote hakuwahi kununua hata tiketi ya bahati nasibu. Miaka miwili iliyopita aligundulika kuwa na ugonjwa wa Parkinson, ule wa mikono kutetemeka na mwili kukakamaa. Mwaka jana alisafiri kwenda Johannesburg kumsalimia mwanawe. Jioni moja walikula kwenye hoteli yenye kasino, na mzee akasogea kwenye meza ya blackjack "kuangalia tu". Wiki mbili zilizofuata alirudi pale karibu kila usiku, peke yake na kwa siri. Alipotua Dar es Salaam, pesa ya ada ya chuo ya mtoto wa mwisho ilikuwa imekwisha.

Ndugu wamegawanyika. Wapo wanaosema amerogwa, na wapo wanaosema alikuwa mnafiki siku zote. Binti anauliza swali moja: je, mtu anaweza kubadilika hivi uzeeni?

Anaweza. Nilimwomba anisomee jina la dawa kwenye boksi la baba yake. Ilikuwa pramipexole.

Katika Parkinson, chembe za ubongo zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini hufa kidogo kidogo. Dawa kama pramipexole na ropinirole hufanya kazi kwa kuiga dopamini, na mgonjwa hutembea vizuri zaidi. Lakini dopamini haishughuliki na miguu na mikono peke yake. Sehemu nyingine ya ubongo huitumia katika kutarajia malipo, ile hali ya moyo kwenda mbio kabla matokeo hayajatangazwa. Dawa inagusa sehemu zote mbili. Mwaka 2005 madaktari wa Mayo Clinic nchini Marekani walieleza habari za wagonjwa 11 wa Parkinson waliotumbukia kwenye kamari wakiwa wanatumia dawa za kundi hili. Mwaka 2010 ukatoka utafiti mkubwa zaidi wa wagonjwa 3,090 wa Marekani na Canada. Miongoni mwa waliotumia dawa hizo, asilimia 17 walikuwa na angalau tabia moja iliyoshindwa kudhibitiwa, iwe kamari, ununuzi, ulaji au ngono. Kwa wasiozitumia ilikuwa asilimia 7 hivi.

Dawa hizi hawapewi wagonjwa wa Parkinson tu. Wenye tatizo la miguu kutotulia usiku nao huzitumia. Bromocriptine na cabergoline, ambazo akina mama hupewa kushusha homoni ya maziwa, zimo katika familia hiyo hiyo, ingawa dozi mara nyingi huwa ndogo. Na mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kama hilo kuhusu aripiprazole, dawa ya magonjwa ya akili. Wengi wanaozitumia hawapati shida yoyote. Lakini anayeipata mara nyingi huificha, kwa sababu anadhani ni udhaifu wake binafsi. Hapa sisi madaktari tunastahili lawama: tunauliza kuhusu kichefuchefu na kizunguzungu, halafu tunamwacha mgonjwa aende bila kumuuliza kama siku hizi anacheza kamari.

Hata hivyo, dawa haielezi kila kitu. Kasino zipo hata Dar es Salaam, na mzee huyu amezipita miaka yote bila kugeuza shingo. Ugenini alikuwa hajulikani. Hakuna jirani, hakuna mtu wa msikitini, hakuna mke anayeuliza kwa nini umechelewa. Na ugenini ndiko biashara hii inakomtafuta mteja kwa sasa.

Angalia yanayoendelea. Umoja wa Falme za Kiarabu, ambako wafanyabiashara wetu wengi hupita, ulianzisha mamlaka ya kusimamia michezo ya kubahatisha mwaka 2023. Oktoba 2024 kampuni ya Wynn ya Marekani ilipewa leseni ya kasino katika hoteli inayojengwa Ras Al Khaimah, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Dubai, na ufunguzi umepangwa 2027. Japani nayo inajenga kasino yake ya kwanza mjini Osaka, ikilenga 2030.

Sheria ya Japani inafundisha kitu. Mwenyeji atalipa yeni 6,000 kila anapoingia, na hataruhusiwa kuingia zaidi ya mara 3 kwa wiki wala mara 10 ndani ya siku 28. Mgeni hatalipa kiingilio wala kuhesabiwa siku. Singapore ni hivyo hivyo: raia na wakazi wa kudumu hulipa dola 150 za huko kwa saa 24, mgeni anaonyesha pasipoti na kupita bure. Korea Kusini, kati ya kasino zake zote, raia wanaruhusiwa kuingia moja tu, Kangwon Land, iliyoko milimani. Misri hairuhusu Wamisri kabisa kwenye kasino za hoteli zake. Serikali hizi zinajua vizuri hatari iliyoko ndani, na zimewajengea watu wao ua. Msafiri amebaki nje ya ua huo, na pesa zake ndizo zinazosubiriwa.

Kwa nini basi blackjack, na si zile mashine za vitufe? Nadhani ni kwa sababu mchezo huu unamheshimu mchezaji. Unapewa karata mbili, unashindana na mgawa karata, unalenga kufika 21 bila kupita. Karata za picha ni 10, ree ni 1 au 11. Kila mara unaamua kuongeza karata au kukaa, na uamuzi wako kweli una uzito. Anayejua hesabu zote kwa moyo, kwenye meza yenye masharti mazuri, hupoteza wastani wa senti 50 tu katika kila dola 100 anazoweka. Mchezaji wa kawaida hupoteza kama dola 2. Mhasibu au mwalimu akisikia hivyo anaona ni mchezo wa watu wenye akili.

Tupige hesabu. Dau la dola 10, mizunguko 70 kwa saa: umeweka dola 700 kwa saa moja, ingawa mfukoni ulikuja na 200. Kwa wastani wa kawaida unapoteza dola 14 kwa saa, 56 kwa saa nne. Hiyo ni wastani tu. Usiku mmoja wa saa nne unaweza kupanda au kushuka kama dola 200 kutoka hapo, kwa bahati tupu. Kwa hiyo mgeni anaweza kabisa kuondoka usiku wa kwanza akiwa na faida ya dola 140 na kuamini kwamba ana kipaji. Usiku wa pili akipoteza, haoni kwamba wastani umemfikia. Anaona pesa "yake" imechukuliwa na lazima aikomboe, basi anapandisha dau hadi dola 50. Kutoka hapo hesabu ya dola 14 kwa saa haipo tena.

Masharti yenyewe pia yanabadilika kimyakimya. Zamani aliyepata ree na karata ya 10 kwa pamoja alilipwa dola 15 kwa dau la 10. Siku hizi meza nyingi za dau dogo kule Las Vegas, zinazokaliwa na watalii, hulipa 12. Badiliko hilo linaiongezea kasino takriban asilimia 1.4, na kibao chake kinaandikwa wazi mezani bila wageni wengi kukielewa.

Sasa weka juu ya hayo mwili uliotoka safari. Usingizi umekatika, saa za mwili na za ukutani hazilingani, na ndani ya kasino nyingi hakuna dirisha wala saa. Uchunguzi wa wataalamu wa Singapore na Marekani, uliochapishwa 2011, ulionyesha kwamba mtu aliyekesha huegemea zaidi kufuata faida na kusahau kujikinga na hasara. Kwingine pombe hutolewa bure mezani. Kwa mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, saa sita bila chakula cha maana, huku akinywa, ni hatari ya sukari kushuka hata kama ameshinda. Na wapo wanaosafiri kwa matibabu, wanaongoja wiki nzima hotelini kabla ya upasuaji, na pesa ya hospitali ikiwa kwenye mkoba.

Kamari iliyopindukia inatambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa ugonjwa, katika orodha iliyoanza kutumika Januari 2022. Jopo la jarida la Lancet Public Health lilikadiria mwaka 2024 kwamba watu wazima wapatao milioni 80 duniani wana tatizo hilo. Utafiti wa Sweden wa mwaka 2018 ulikuta kwamba waliogundulika nao walikufa kwa kujiua mara 15 zaidi ya watu wengine. Nawaandikia hilo wazazi hasa. Afrika Kusini kijana wa miaka 18 anaingia kasino kwa kitambulisho chake. Kaskazini mwa Cyprus, wanakosoma Waafrika wengi, kasino zimejaa mahotelini huku wenyeji wakiwa wamezuiwa kucheza. Mwanao akianza kuomba pesa kwa sababu zisizoeleweka, akilala mchana na kuuza kompyuta, akakiri kwamba ni kamari, usianze na "umepoteza shilingi ngapi?" Anza kwa kumuuliza kama amewahi kufikiria kujidhuru. Akisema ndiyo, asibaki peke yake usiku huo. Tafuta rafiki aliye karibu naye, au ofisi ya wanafunzi, kisha daktari. Pesa mtazihesabu baadaye.

Kwa anayejiandaa kusafiri na anatumia dawa nilizozitaja, mwambie daktari kuhusu safari na umuulize waziwazi kuhusu kamari. Mwambie na mtu mmoja wa nyumbani, maana yeye atayaona mabadiliko kabla yako. Pesa ya ada au ya hospitali ilipwe moja kwa moja kule inakokwenda, isitembee na msafiri.

Nilimwonya binti asimwachishe baba yake dawa ghafla. Kuikata kwa siku moja kunaweza kuleta wasiwasi mkali, huzuni na maumivu, na Parkinson ikarudi kwa nguvu. Daktari wa mishipa ya fahamu ndiye anayepunguza dozi au kubadilisha dawa. Kama tabia haitaisha, tiba ya mazungumzo ipo kwenye kliniki za afya ya akili, Muhimbili ikiwamo. Nikamweleza pia kwamba sheria ya kamari ya Afrika Kusini ya mwaka 2004 inamruhusu mtu kuomba mwenyewe azuiwe kuingia kasino, na inamruhusu ndugu kwenda mahakamani kumwombea mwenzake zuio hilo.

Ameniandikia tena juzi. Dozi imeanza kupunguzwa, kadi ya benki inakaa kwa mama, na mzee, alipoelezwa habari za ile dawa, alilia mbele ya wanawe. Shangazi bado anasisitiza kwamba ni uchawi. Safari ya Johannesburg ya mwaka huu haijaamuliwa.