Mwanga nao huchoka

Nimesharudi chuo, ila kuna jambo linanikera tangu TP. Ngoja nilitoe hapa.

Nilikuwa nafundisha fizikia Kidato cha Tatu, shule moja ya Bunda. Mada ilikuwa mwanga unavyosafiri ndani ya faiba. Binti mmoja, kwao Butiama, akanyoosha mkono: "Mwalimu, huo mwanga hauchoki njiani?" Nikajibu kwa kujiamini kabisa kwamba hauchoki, uakisi kamili wa ndani unauzuia usipotee. Darasa zima likaandika. Kumbe nimewadanganya!

Uakisi unazuia mwanga usitokee pembeni tu. Kioo chenyewe kinautawanya na kuula. Hata faiba nzuri inapoteza karibu nusu ya mwanga kila kilomita 15. Pigeni hesabu: kwa kilomita 60, karibu umbali wa Musoma na Bunda kwa mstari ulionyooka, inabaki sehemu 1 kati ya 16. Ndiyo maana kwenye mikongo mirefu, kila kilomita 80 hivi, huwekwa kikuza mwanga. Ni kipande cha faiba iliyotiwa erbiamu. Leza ndogo inaipa nguvu, halafu mwanga dhaifu ukipita humo unatoka umekuzwa, bila kugeuzwa kwanza kuwa umeme. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walikionyesha mwaka 1987.

Jamaa ninayekaa naye chumbani anasema faiba imepitwa, sasa ni setelaiti. Wapi! Mawasiliano ya leza angani nayo yanatumia vikuza hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba huko juu huwezi kuweka kikuza katikati ya njia, kwa hiyo mwanga unakuzwa kabla haujaondoka. Na kifaa lazima kiwe kidogo, chepesi, kisile umeme mwingi, tena kistahimili mionzi inayofifisha kioo. Mwaka 2013 NASA walileta data kutoka kwenye mzingo wa mwezi kwa kasi ya megabiti 622 kwa sekunde, kwa leza ya nusu wati. Dinamo ya baiskeli inatoa wati 3, jamani!

Wapo watakaosema mtoto wa Bunda hayo hayamhusu, mtihani hauyaulizi. Sikubaliani nao. Yule binti aliuliza swali lile lile lililowahangaisha wahandisi kwa miaka. Aliyepungukiwa ni mimi, niliyeona aibu kusema "sijui, nitakuja na jibu kesho."

Sisi wa ualimu tunafundishwa kuandaa somo, kusimama mbele, kupanga ubao. Kurudi darasani na kusema "jana nilikosea" hatufanyii mazoezi, na naona hilo ndilo gumu kuliko yote.

Wale vijana sasa wako Kidato cha Nne na kosa langu bado limo kwenye madaftari yao. Likizo nikienda nyumbani Musoma, basi linapita Bunda kwanza. Sina kisingizio, nitashuka.

Je, wewe mwenzangu wa TP, uliacha nini kwenye daftari la mtoto wa watu?