Lile shimo la zamani mu parsele ya muzee

Wandugu wachimbaji, na ninyi mama munaotungojea ku nyumba,

Tangu zile mvua kubwa, simu yangu hailali. Kila mutu anauliza neno moja: «Kamarade, ulisikia habari ya shimo?» Nilisikia. Nilienda na kuliona kwa macho yangu. Leo nataka kuwaambia vile niliona na vile ninawaza, mbele ya vijana wetu kuingia mule ndani na kamba ya mbuzi na torshi ya simu.

Liko mu mulima, kusini ya Uvira, ukisha kupita Kalundu, pale barabara ya Makobola inabanana kati ya jiwe na ziwa. Parsele ya nani, sitasema. Ni muzee mwenye kulima mihogo yake pale miaka mingi, na hakujua kitu. Mvua ilichukua kipande cha udongo, asubuhi watoto wakienda kutafuta mbuzi wakakuta mulango: miti mbili zimesimama, moja imelala juu yao, zote zimeoza mpaka kidole kinaingia. Nyuma yake, giza tupu.

Tulienda watu watatu wa sendika, siku ya Mungu nyuma ya misa. Hatukuingia. Vijana walitucheka, moja akaniambia: «Papa, weye unaogopa, utuachie siye.» Ndiyo, ninaogopa. Ndugu yangu mudogo alifia mu galeri ya zamani kama ile, upande wa Mwenga. Jiwe halikumwangukia. Aliingia kutafuta wenzake wawili waliokawia, naye akalala karibu yao, wote watatu bila kidonda hata kimoja. Mama yetu aliuliza mpaka kufa kwake: mutoto wangu aliuawa na nini? Hakuna mutu wa kazi alikuja kumujibu.

Njo maana tulikaa mulangoni na kuangalia pole pole. Ndani ya jiwe, kwenye ukuta, kuna alama za mviringo, nusu tundu, zimenyooka kama bomba. Ile ni kazi ya baramini na baruti. Babu zetu walichimba chuma mu milima hii, lakini hawakuchimba vile. Wenye kufanya kazi ile walikuwa na kampuni nyuma yao. Chini kuna maji mekundu, hayatembei. Nyasi za mulangoni nazo hazitikisiki: shimo lenye mulango wa pili linapumua, utasikia upepo ku uso. Hili halipumui.

Tulifunga buji ku mwisho wa bambu murefu, tukaisukuma ndani. Kwa metre nne hivi moto ukawa mudogo, ukazimika. Tukarudilia mara tatu, ni vile vile. Wandugu, hewa tunayovuta hapa inje, kwa sehemu 100 iko na karibu 21 za oksijeni. Ikishuka kwa 16 ao 17, buji inazima. Mutu bado anasimama, lakini kichwa kinaanza kuzunguka na miguu inakataa. Akienda hatua kumi mbele, hatarudi. Na hewa hii haina harufu wala rangi. Mu galeri iliyofungwa miaka mingi, miti inayooza na maji yaliyolala vinakula oksijeni, na hewa mbaya nzito inakaa chini, pale mutu anainama kuchimba. Tena musiseme: buji ikiwaka, basi ni salama. Moshi wa motopompe una sumu ambayo buji haioni. Motopompe ndani ya galeri inaua watu wengi, na wengi kati yao ni wale waliokimbia kusaidia.

Sasa, nani alichimba? Mu kartie wanasema Wajerumani, na ya kwamba waliacha masanduku ya dhahabu wakati wa vita. Hadithi hii naisikia tangu utoto, na inapatikana kila pahali kandokando ya ziwa letu. Haikutoka bure. Wajerumani walikuwa kweli na dhahabu: mwaka 1916, kule Tabora, walitengeneza makuta ya dhahabu yenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya muchimbo wa Sekenke. Lakini Tabora ni Tabora. Tangu mupaka ulipangwa mwaka 1910, upande huu wetu ulikuwa wa Wabelgiji. Mujerumani mwenye kukimbia vita hawezi kuvuka ziwa na sanduku, kukaa kwa adui yake miezi kadhaa akipasua jiwe kwa baruti, bila mutu kusikia.

Mimi nawaza ni Wabelgiji. Kampuni ya MGL ilizaliwa mwaka 1923, Comité National du Kivu mwaka 1928, na nyuma ya pale watu wao walipita kila mulima wa Kivu wakitafuta. Walipoona alama ya mali, walipiga galeri fupi ya kupima. Mali ikiwa kidogo, walitoka, wakaenda mulima mwingine. Na hapa kuna kitu kimoja ambacho kila muchimbaji anaweza kufanya bila kuingia ndani: uangalie takataka ya inje. Jiwe lililotoka mu shimo liko wapi, na ni kiasi gani? Galeri yenye upana wa metre moja na nusu na urefu wa mutu, kila metre moja ukienda mbele inatoa karibu metre kubu tatu za jiwe, na jiwe likivunjika linavimba, linakuwa kama nne. Tulipima kilima kidogo chenye majani, chini ya mulango, kwa hatua zetu: karibu metre kubu 40. Tuseme mvua ilichukua nusu. Inabaki kwamba lile shimo ni la metre 20, labda kidogo zaidi. Kwa kutoa dhahabu mutu hafiki na kuachia pale. Kwa kutafuta, ndiyo. Tena hakuna reli, hakuna msingi wa mashine, hakuna kambi. Muliofika Kamituga ao Namoya munajua vile kazi ya kweli ya wazungu inaacha alama.

Kuna kijana moja alinijibu vizuri, na sitaficha jibu lake. Alisema: «Kamarade, ile wakati dhahabu ilikuwa bei chini. Kenye waliacha, kwetu ni mali.» Ana akili. Kuanzia 1934 mpaka 1971, bei ya Amerika ilikuwa dola 35 kwa onsi moja. Leo imepita 2,000. Mwamba ambao Mubelgiji aliuona masikini unaweza kulisha jamaa. Kwa hiyo sisemi ndani hakuna kitu. Nasema hakuna mutu anajua, na namna ya kujua si kumutuma mutoto wa mama moja ndani ya giza.

Tuje ku mambo ya haki. Muzee anasema: «Iko mu parsele yangu, basi iko yangu.» Namheshimu, lakini si hivyo. Tangu sheria Bakajika ya tarehe 7 Juni 1966, udongo na mali ya chini ni vya Serikali. Sheria ya 1973 ilirudilia ile ile juu ya udongo: wewe uko na haki ya kukaa na kulima, lakini mwenye udongo ni Serikali. Code minier ya 2002, na ile iliyogeuzwa mwaka 2018, inatenganisha wazi haki ya juu na haki ya chini. Lakini ile sheria ile ile inamulinda muzee pia: hakuna mutu wa kuja kuchimba karibu na nyumba yake na mashamba yake bila yeye kukubali. Kwa hiyo muzee hawezi kuuza shimo, na vijana hawawezi kulivamia. Na sisi wachimbaji, sheria inataka tuwe na karte, tuwe mu kooperative, na tufanye kazi pahali Waziri alipotenga kuwa zone ya wachimbaji wadogo. Pale muliman hapajatengwa.

Munajua kilichotokea Kolwezi, mu kartie ya Kasulo. Mwaka 2014 mutu moja alichimba mu parsele yake mwenyewe, akapata kobalti. Jirani akachimba, na jirani wa jirani. Watu walitoboa ndani ya vyumba vya kulala, chini ya njia. Mwaka 2017 serikali ya jimbo ikaleta kampuni moja ya Wachina, watu wakahamishwa, ukuta ukajengwa. Waliokuwa na nyumba walipata pesa kidogo ya kuhama. Na hapa kwetu, mwanzo wa 2021, mulima wa Luhihi kule Kabare: dhahabu ilionekana, watu maelfu walifika kwa siku chache, na wakubwa wa jimbo wakafunga kazi. Sisi huku mulima wetu ni mukali zaidi, na chini yake kuna nyumba na barabara. Aprili 2020 tuliona Mulongwe ilivyofanya: watu makumi walikufa. Tarehe 11 Septemba mwaka ule ule, mvua iliingia mu mashimo ya Kamituga, karibu watu 50.

Sasa neno linaloninyima usingizi. Tajiri moja alimufikia muzee na karatasi. Anataka kulipa kodi ya shimo kila mwezi, alete motopompe na mukaa wa kula kwa vijana, nyuma mali ikitoka wagawane. Muzee alinipa ile karatasi niisome, kwa sababu macho yake yamechoka. Iko na ukurasa moja. Sehemu ya tajiri imeandikwa. Sehemu ya muzee imeandikwa. Muchimbaji hatajwi hata mara moja: si mushahara, si dawa, si sanduku la kuzikia. Nilimwambia: «Papa, usitie mukono.» Akanyamaza muda murefu, akaniuliza nani atamulipia mutoto wake minerval. Sikuwa na jibu la kumupa.

Tuliandika barua, nakala moja kwa SAEMAPE, moja kwa Division des Mines, moja kwa chefferie ya Bavira. Tunaomba wafike na mashine ya kupima hewa na mutu wa jiolojia. Tunaomba Cadastre Minier ionyeshe wazi kama ile karre iko tayari mu mikono ya kampuni fulani, maana karre moja ni hekta karibu 85, na mara nyingi tunachimba miezi sita ndipo tunasikia mahali ni pa mutu. Tunaomba pia watafute karatasi za zamani. Mambo mengi ya wapimaji wa Kibelgiji bado yako Tervuren, mu nyumba ya makumbusho, na ripoti ya ukurasa mbili inaweza kutuambia kile vijana wanataka kununua kwa maisha. Kama kuna mali na mahali panafaa, basi kooperative ya watu wa pale ndiyo iombe zone, muzee akiwa ndani yake, na sehemu yake iandikwe.

Kwa sasa tumeomba nyumba kumi wa pale asimamie. Siku ya posho asubuhi tunapanda na mbao, misumari na waya. Muzee ameshakubali tufunge mulango. Mwenye nyundo alete. Mama mwenye mutoto anayelala na torshi chini ya mto, amulete pia, abebe mbao.